Jina la Marehemu Bado Limo Daftarini

Tangu tume ya uchaguzi ya Kenya, IEBC, ilipofungua tena uandikishaji endelevu wa wapiga kura mwezi Septemba 2025, ikijiandaa kwa uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, safu hii imepokea barua ambazo karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: ni nani anayehakikisha kwamba aliyesimama mbele ya karani ndiye mwenye jina lililoandikwa, na kwamba jina lenyewe linastahili kuwamo? Nimechagua sita, zikiwamo za majirani zetu na za walio ng'ambo. Majina ya waandishi nimeyaacha, kwa kuwa wengi wao waliomba hivyo.

Assalamu alaykum, Bwana Mshauri. Mume wangu alifariki mwaka 2019, tukamzika siku hiyo hiyo. Mwaka 2022 mwanangu alituma namba ya kitambulisho cha marehemu na mwaka wake wa kuzaliwa kwenda namba ya tume ya uchaguzi, 70000, na ujumbe ukarudi na jina lake pamoja na kituo chake cha kupigia kura. Jambo hilo limenikaa moyoni hadi leo. Je, kuna mtu anayempigia kura mume wangu?
*Mjane, Likoni, Mombasa*

Wa alaykum salaam, mama, na pole kwa msiba ambao naona haujapoa. Jina kubaki daftarini ni jambo moja, na kura kupigwa kwa jina hilo ni jambo la pili. Ili la pili litokee, ni lazima hatua ya kumtambua mpiga kura irukwe mbele ya karani, msimamizi wa kituo na mawakala wa vyama, ama kwa kusudi ama kwa uzembe. Jina la marehemu ni mlango uliosahauliwa bila kufuli; haimaanishi kwamba mwizi ameshaingia, lakini hakuna mwenye nyumba anayeuacha hivyo akijua.

Mumeo hayuko peke yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na damu iliyomwagika, tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Johann Kriegler, jaji mstaafu wa Afrika Kusini, iliripoti mwaka 2008 kwamba daftari la Kenya lilikuwa na majina ya marehemu yapatayo milioni 1.2, huku karibu theluthi moja ya watu wenye haki ya kupiga kura wakiwa hawamo kabisa. Daftari lile likaachwa, likaandikwa jipya mwaka 2010, na jingine tena, la alama za vidole, mwishoni mwa mwaka 2012. Ungedhani marehemu wangetoweka. Mwaka 2017, daftari lilipokuwa na watu milioni 19.6, kampuni ya ukaguzi ya KPMG ilikadiria kwamba marehemu waliokuwa bado wamo walizidi milioni 1. Ilipolikagua tena kabla ya uchaguzi wa 2022, likiwa na watu milioni 22.1, ilitaja marehemu 246,465. Kabla hatujashangilia kushuka huko, tukumbuke kwamba hesabu ya kwanza ilikuwa makadirio ya vifo vinavyotarajiwa katika kundi kubwa la watu, na ya pili ilitegemea kumbukumbu za vifo vilivyosajiliwa. Kifo kisichosajiliwa hakimo katika hesabu hiyo ya pili.

Hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Tume haina mtu wa kuzunguka makaburini. Inategemea idara ya usajili wa vizazi na vifo, na idara hiyo inategemea familia. Anayefariki hospitalini huandikiwa taarifa pale pale. Anayefariki nyumbani husajiliwa kupitia naibu wa chifu. Sisi wa Pwani, ambao maziko yetu hayangoji kesho, mara nyingi hupata kibali cha maziko na kuridhika nacho, kisha cheti cha kifo kikasahauliwa mpaka siku ya kugawa mirathi au ya kudai akiba ya benki. Kama marehemu hakuwa na mirathi ya kugombaniwa wala akaunti ya benki, cheti huenda kisitafutwe milele, na katika vitabu vya serikali atabaki hai.

Hata cheti kikiwepo, kuna kikwazo cha majina. Mtu mmoja ni Mohamed kwenye kitambulisho, Muhammad kwenye cheti cha kifo na Mohammed daftarini, na karani mwenye busara hatafuta jina kwa sababu tu linafanana na la marehemu, maana anaweza kumfuta jirani aliye hai ambaye atafika kituoni siku ya uchaguzi na kuambiwa kwamba amekufa. Kinachounganisha kumbukumbu hizo bila utata ni namba ya kitambulisho, nayo ndiyo inayokosekana, kwa sababu ni nani anayetafuta kitambulisho wakati maiti iko ndani na waoshaji wanasubiri maji?

Kwa hiyo, mama, kama cheti cha kifo hakijatolewa, anzia kwa naibu wa chifu, na uhakikishe namba ya kitambulisho cha marehemu imeandikwa. Cheti kikitoka, peleka nakala yake katika ofisi ya IEBC ya eneo bunge lenu, uombe jina liondolewe, na udai maandishi ya kwamba ombi limepokewa. Kitambulisho chenyewe kirudishwe serikalini. Kisibaki kabatini wala mikononi mwa mtu yeyote, hata awe wa ukoo.

Bwana Mshauri, mimi ni fundi wa uashi kwa miaka 22 na saruji imenila vidole. Mwaka 2022 mashine ilikataa vidole vyangu vyote, karani akanijazisha fomu, nikapiga kura. Jirani yangu anasema kura za namna hiyo huwekwa pembeni na kutupwa. Ni kweli?
*Fundi, Machakos*

Si kweli, fundi. Mashine ya KIEMS, ile ya kumtambua mpiga kura kituoni, inaposhindwa kusoma kidole, karani huingiza namba ya kitambulisho, taarifa za mpiga kura zikatokea kwenye kioo, mawakala wakazishuhudia, na fomu iitwayo 32A ikajazwa kuwa kumbukumbu ya kwamba ulitambuliwa bila kidole. Fomu hiyo inakuhusu wewe. Haina uhusiano na karatasi yako ya kura, ambayo iliingia katika masanduku yale yale ikiwa haina jina wala alama ya kuitofautisha na ya jirani yako. Hata kama mtu angetaka kuitupa, asingejua ni ipi.

Wako wengi kama wewe. Katika uandikishaji wa mwaka 2012, watu 36,236 hawakuweza kuchukuliwa alama za vidole, wakawekwa katika orodha ya pekee, na orodha hiyo ikageuka kuwa moja ya hoja zilizobishaniwa katika Mahakama ya Juu mwaka 2013, kana kwamba ilikuwa kundi la mizimu. Mtu aliyeishi na wapasua kokoto, wavunaji wa mkonge na vikongwe waliolima kwa jembe la mkono hawezi kushangazwa na idadi hiyo. Binafsi ningeshangaa kama ingekuwa sifuri.

Uchaguzi wa Machi 2013 ulitufundisha pia kwamba si vidole tu vinavyochakaa. Vifaa vya kutambua wapiga kura viliishiwa chaji katika madarasa yasiyo na umeme, vingine vikakataa kufunguka kwa sababu ya nywila, na vituo vingi vikarudi kwenye daftari lililochapishwa. Mwaka 2022 hali ilikuwa nafuu zaidi, lakini sehemu za Kakamega na Makueni bado zililazimika kuruhusiwa kutumia karatasi. Ghana walishika msimamo mkali mwaka 2012, kwamba asiyehakikiwa na mashine hapigi kura, na mashine zilipogoma katika baadhi ya vituo ikabidi upigaji kura uendelee hadi siku ya pili. Wanaohubiri kwamba ni kidole au hakuna kura, nadhani hawajawahi kushika mwiko na bao.

Hata hivyo jirani yako hakukosea kabisa kuwa na wasiwasi, ila ameuelekeza pasipo. Fomu 32A ndiyo njia ya haki kwa mtu kama wewe, na ndiyo pia njia ambayo mtu mwenye nia mbaya angeitafuta. Kituo kimoja huwa na wapiga kura wasiozidi 700. Fomu 20 katika kituo cha wakulima ni jambo la kawaida, lakini fomu 300 zinahitaji maelezo. Wakala wa chama anayejua kazi yake huzihesabu fomu hizo kabla ya masanduku kufunguliwa na kuandika idadi kwenye daftari lake mwenyewe. Wewe nenda wakati wa uhakiki wa daftari, uombe vidole vyote vichukuliwe upya, na ukiweza uache saruji siku chache kabla ya kwenda.

Shikamoo, Mshauri. Nilijiandikisha kwetu Kasulu mwaka 2024. Nilipokuja chuoni Dodoma nikajiandikisha tena kama mpiga kura mpya, kwa sababu niliona kuhamisha taarifa kuna usumbufu. Sasa nina kadi mbili. Wenzangu wanasema haina shida, mradi nisipige kura mara mbili.
*Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Shida ipo, na wenzako wasikudanganye. Chini ya Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya mwaka 2024, kosa ni kujiandikisha zaidi ya mara moja. Sheria haisubiri mpaka upige kura ya pili, na adhabu yake ni faini au kifungo au vyote viwili. Kuhama hakukuhitaji uandikishaji mpya. Uboreshaji wa Daftari la Kudumu, ule ulioanzia kwenu Kigoma tarehe 20 Julai 2024, uliwekwa kwa ajili ya watu wa aina yako pia: aliyehama, aliyepoteza kadi, aliyekosewa jina, pamoja na wale wa kuondolewa kwa kukosa sifa.

Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba mashine za BVR, zile za kuandikisha kwa alama za vidole na picha, huko Tanzania zinafanya kazi yake wakati wa kuandikisha. Alama za vidole zako hupelekwa kwenye kanzidata na kulinganishwa na za wengine, ili mtu aliyejiandikisha Kasulu akionekana tena Dodoma ajulikane. Siku ya kupiga kura hakuna kidole kinachosomwa: karani anaangalia kadi, anaangalia jina na picha katika daftari lililochapishwa, na ukishapiga kura unapakwa wino. Kwa utaratibu huo uzito wote umelalia daftari. Daftari likiwa chafu, hakuna mashine mlangoni ya kusahihisha. Ndiyo maana Tume ya Uchaguzi ya huko iliweza hata kuwaruhusu waliopoteza kadi watumie kitambulisho cha taifa cha NIDA, pasipoti au leseni ya udereva, mradi majina yafanane na yaliyomo daftarini. Mwenye haki anatambuliwa kwa kuwamo, na kadi ni ushahidi tu.

Sikusemi kuwa mhalifu. Ukaguzi wa Kenya wa mwaka 2022 ulikuta kumbukumbu 481,711 zilizojirudia, na siamini hata kidogo kwamba nyuma ya kila moja kulikuwa na mwizi wa kura. Makarani hukosea tarakimu, na wapo wavivu wa foleni kama wewe. Lakini kujirudia kwako kunahesabiwa pamoja na kwa mwizi, na hakuna anayeweza kuwatenganisha kwa kuangalia sura. Nenda kwa ofisa mwandikishaji wa halmashauri ukiwa na kadi zote mbili, ueleze kabla hujaitwa. Ukiogopa, tafuta kwanza watoa msaada wa kisheria wakuongoze.

Jambo, Mshauri. Huku kwetu karte ya kupigia kura ndiyo kitambulisho cha kila kitu: benki, laini ya simu, safari. Yangu ya mwaka 2023 maandishi yamefutika, inakaribia kuwa nyeupe. Sasa mimi ni nani?
*Msomaji, Lubumbashi*

Wewe ni wewe, ndugu yangu, lakini naelewa kwa nini polisi wa barabarani haoni hivyo. Wino hafifu wa kadi za mwaka ule uliwasumbua watu wengi, na CENI, tume ya uchaguzi ya Kongo, ilitoa kadi mbadala kabla ya uchaguzi wa Desemba 2023; fika kwenye ofisi yao iliyo karibu ukiwa na kadi hiyo hiyo, hata kama imefutika, kwa sababu kumbukumbu zako zimo kwenye orodha ya watu karibu milioni 44.

Tatizo kubwa zaidi ni hilo ulilolitaja bila kulilalamikia. Nchi isipokuwa na kitambulisho cha taifa mikononi mwa watu, kadi ya mpiga kura hubeba mzigo ambao haikuumbwa kuubeba, na watu huifuata hata wasipokuwa na nia ya kupiga kura, wakiwamo vijana ambao hawajatimiza miaka 18 lakini wanahitaji laini ya simu. Rwanda, jirani yenu, wamekwenda kinyume chake: orodha ya wapiga kura huchotwa katika kanzidata ya vitambulisho, na kazi ya raia ni kuthibitisha kituo chake. Kila njia ina lawama zake, ila ya kwenu inailazimisha tume ya uchaguzi kuwa idara ya vitambulisho, na kazi mbili hizo hugongana.

Mimi ni Mkenya, nipo Leicester kwa kibali cha kazi. Halmashauri ya jiji imeniletea barua ikitaka nitaje wakaazi wote wa nyumba hii wanaostahili kupiga kura. Nimeitupa nikidhani ni utapeli, maana mimi si raia wa Uingereza.
*Msomaji, Leicester*

Itoe kwenye pipa. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kwa kibali halali wana haki ya kuandikishwa na kupiga kura huko, katika chaguzi za mitaa na hata za Bunge, na Kenya ni mwanachama, kama zilivyo Tanzania, Uganda na Rwanda. Mkongomani au Mrundi unayeishi naye nyumba moja hana haki hiyo. Kutojibu barua ile kunaweza kukuletea faini, na kuna faida ambayo wageni wengi huichelewa: wakopeshaji huangalia daftari hilo, kwa hiyo asiyekuwamo hupata tabu hata ya kupewa mkopo mdogo.

Barua hiyo ndiyo njia yao ya kusafisha daftari. Kila mwaka nyumba huulizwa nani amehamia na nani ameondoka, na kila kifo kinaposajiliwa, msajili humpelekea taarifa ofisa wa daftari wa eneo hilo. Hakuna kidole kilichowahi kuchukuliwa. Kwa muda mrefu England ilimwamini mpiga kura kwa kutaja jina na anwani tu, mpaka chaguzi za mitaa za Mei 2023 zilipoanza kudai kitambulisho chenye picha kwa sheria ya mwaka 2022. Siku hiyo watu wapatao 14,000 walifika vituoni wakarudishwa bila kupiga kura. Boris Johnson, ambaye serikali yake ndiyo iliyopitisha sheria hiyo, alifika kituoni Mei 2024 bila kitambulisho na kuambiwa akakilete, jambo lililowachekesha wengi, ingawa yeye alikuwa na njia rahisi ya kurudi nacho kuliko mfanya usafi wa zamu ya usiku.

Pasipoti yako ya Kenya inakubalika kituoni. Asiye na hati yoyote anaweza kuomba cheti cha bure chenye picha. Kuandikishwa huko hakukuondoi katika daftari la Kenya; mwaka 2022 Wakenya walio Uingereza waliojiandikisha huko na IEBC walipiga kura ya rais peke yake, kwa hiyo kama unamtaka mbunge wako wa nyumbani itakubidi usafiri.

Ndugu Mshauri, kila baada ya uboreshaji, majina yetu hubandikwa ukutani kila mpita njia akayasoma. Hii si kuingilia faragha za watu?
*Mwalimu, Korogwe*

Swali zuri, mwalimu, na sitalipuuza, hasa kwa kuwa Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Lakini karatasi zile za daftari la awali hazikubandikwa ili utafute jina lako tu na kuondoka. Zinawekwa wazi ili mtu wa mtaani, anayejua mambo ambayo hakuna kanzidata inayoyajua, aweze kusema kwamba huyu tulimzika, huyu alihamia Mwanza, huyu bado ni mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, kisha aweke pingamizi kwa ofisa mwandikishaji, na asiyeridhika na uamuzi aende mahakamani.

Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba waliandikwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo, na wengine wakapeleka malalamiko kwa kamishna wa ulinzi wa data. Waligundua kwa sababu orodha ilifunguliwa, kila mtu akaweza kujitafuta. Ingebaki kabatini kwa ajili ya faragha yao, wangekuwa wanachama mpaka leo. Ninachokubaliana nawe ni kipimo: ukutani panatosha jina, picha na kituo. Namba ya simu haina kazi pale, na ukiiona imebandikwa, mwandikie ofisa mwandikishaji siku hiyo hiyo, kabla muda wa pingamizi haujaisha.